Pikapu ya zamani inalia tik-tik: tafuta chanzo kabla hujakubali hedi ifunguliwe

Huku Nyanda za Juu Kusini pikapu za zamani bado zina kazi. Viazi vya Umalila na Makete, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na Usangu, mbao za Mafinga: mzigo mwingi bado unatoka shambani hadi lami kwa Hilux yenye injini ya 3L au 22R, Isuzu ya 4JA1, au Land Cruiser ya 1HZ. Ni injini ngumu zinazovumilia mengi, lakini zikishakula kilomita nyingi huanza kulia tik-tik-tik, na hapo ndipo mwenye gari anapopoteza pesa. Anaambiwa tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) zimekwisha, hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa, gasketi mpya inanunuliwa, gari linafungwa tena, halafu mlio uko palepale kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa unatoka kwenye egzosti, yaani njia ya moshi.

Mlio wa injini unajieleza kwa mambo matatu ambayo unaweza kuyasoma bila kufungua hata nati moja: unakuja wakati gani, unakwenda kwa kasi gani ukilinganisha na injini, na unatokea upande gani. Ukiyajua hayo matatu, orodha ya washukiwa inabaki fupi sana. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia zisizo na gharama, na ndivyo inavyotakiwa kufanywa.

Hakikisha kwanza ni injini

Simamisha gari, weka nyutro, acha injini kwenye sailensa, yaani izunguke yenyewe bila kukanyaga mafuta. Mlio ukikoma gari linaposimama, achana na injini. Angalia kijiwe kilichonasa kwenye kashata za tairi, kagua jointi za propela shafti, kagua breki. Mlio ukiendelea, kanyaga klachi hadi mwisho. Ukibadilika au kupotea, tatizo liko kwenye klachi au gia boksi. Usipobadilika, endelea.

Kabla ya kuinamia injini inayozunguka: gari liwe sehemu tambarare, handibreki juu, jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele. Vua skafu na koti lenye kamba zinazoning'inia. Asubuhi za huku kila mtu amejifunga nguo nzito, na feni ya pikapu ya zamani inazunguka muda wote injini ikiwa imewaka. Ikinasa kitambaa haitakusubiri uzime.

Oili

Zima injini, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kipimo hiki ni sahihi gari likiwa limekaa sawa tu, na viwanja vingi vya Mbeya na Tukuyu vina mteremko. Ukipima gari limeinamisha pua, unaweza kuona oili imejaa kumbe imepungua, au kinyume chake, kutegemea stiki ilipo. Tafuta sehemu tambarare kweli.

Oili ikipungua, za kwanza kulia ni tapeti, kwa sababu ziko juu kabisa na ndizo za mwisho kufikiwa. Jaza hadi alama ya juu, washa, sikiliza baada ya dakika chache. Mlio ukiisha, swali linalobaki ni oili ilikwenda wapi: inavuja au inaungua?

Iguse na kuinusa. Oili nyeusi kwenye dizeli si ugonjwa. Inageuka nyeusi mapema kwa masizi. Ikiwa imefanana na chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ikinuka dizeli au petroli na kuteleza kama haina mwili, mafuta yanaingia kwenye sampu na oili imekuwa nyepesi. Kwenye hali hizi mbili usiendelee kuzungusha injini kutafuta mlio. Shughulikia hilo kwanza.

Sasa kuhusu tabia ya kumwaga oili nzito ili mlio unyamaze. Namba iliyo kabla ya W kwenye galoni ya oili, kama 15 katika 15W-40, inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na iliyo ndogo zaidi ndiyo inayowahi kufika juu. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri ya Mbeya inashuka chini ya nyuzi 10, na Makete au Kitulo ni chini zaidi. Oili nzito yenye namba moja tu, ile isiyo na W, kwa baridi hiyo inachelewa kufika kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu), na kila asubuhi vyuma vinasagana vikavu kwa sekunde ambazo zingeweza kuepukwa. Kwa dizeli hizi za zamani 15W-40 nzuri inatosha. Ukishaficha mlio kwa oili nzito, umejinyima pia njia ya kujua kama ugonjwa unaongezeka.

Angalia na filta. Filta nzuri ina kimpira ndani kinachozuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Filta hafifu haizuii, hivyo asubuhi injini inaanza na mifereji mitupu na kulia kwa sekunde chache hadi oili ipande. Kama mlio wako ni wa kuwasha tu, halafu kimya siku nzima, badilisha filta kabla ya jambo lingine lolote.

Taa ya oili ikichelewa kuzima au ikimulika injini ikiwa ya moto, usiitegemee yenyewe kama kipimo. Mwambie fundi afungue swichi ya oili kwenye bloki na kufunga geji ya presha pale. Kwa injini nyingi za Toyota za rika hili, injini ikiwa ya moto, presha kwenye sailensa isishuke chini ya kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika isipungue kilo 2.5. Ikipungua hapo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Unakuja wakati gani

Jaribio hili linahitaji gari lililolala usiku mzima. Usimruhusu mtu aliwashe kabla hujafika. Washa ukiwa umefungua boneti, usikanyage mafuta, na usikilize tangu sekunde ya kwanza mpaka mshale wa joto ufike pale unapokaa siku zote.

Mlio unaosikika injini ikiwa ya baridi na kufifia inapopata moto mara nyingi ni egzosti inayovuja kwenye manifoldi, chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye hedi: chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba ufa. Unaweza pia kuwa pistoni iliyolegea kwenye silinda, ambayo huwa na sauti pana zaidi, tok-tok, na huzidi ukiibebesha injini mzigo ikiwa bado ya baridi. Mlio ulio sawasawa baridi na moto unaelekea kwenye tapeti. Mlio ambao haupo asubuhi, unaozaliwa baada ya kupanda Kitonga au kutoka Igawa hadi Uyole na mzigo, ndio wa kuogopwa kuliko yote, kwa kuwa oili inapopata moto na kuwa nyepesi ndipo beringi zilizolika zinapojitangaza.

Unakwenda kwa kasi gani

Hapa ndipo pana siri kubwa ya kazi hii, na si watu wengi wanaoitumia. Krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo chochote kinachoendeshwa na kemshafti, yaani valvu, roka (mikono midogo inayokandamiza valvu), tapeti, na hata pampu ya petroli ya kwenye 22R, hugonga mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Egzosti inayovuja kwenye silinda moja nayo iko hivyohivyo, kwa sababu silinda hutoa moshi mara moja katika mizunguko miwili. Lakini chochote kilichofungwa kwenye krenki yenyewe, kama konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), puli au flaiwili, kinaweza kugonga kila mzunguko.

Injini ikiwa sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, mlio wa upande wa kemshafti unagonga kama mara sita kwa sekunde. Sikio linaufuata, hata kidole unaweza kukigonga kwenye fenda pamoja nao. Mlio wa krenki unakwenda kama mara kumi na mbili kwa sekunde, unaungana na kuwa mvumo wa haraka ambao kidole hakiuwezi.

Kwa gari la petroli kuna kipimo cha uhakika zaidi. Fundi anayo taa ya kupimia taiming. Ibane kwenye waya wa plagi ya silinda namba moja, usiielekeze kwenye puli, itazame tu ikimulika. Inamulika mara moja katika kila mizunguko miwili. Mlio na mmuliko vikienda pamoja, au kimoja kikifuata kingine kwa nafasi ileile bila kupishana, chanzo kiko kwenye valvu, egzosti au pampu ya petroli. Mlio ukienda mara mbili zaidi ya taa, elekea chini.

Unatokea wapi

Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kijiti kikavu kirefu kinafanya kazi hiyohiyo. Gusa kava ya tapeti juu ya kila silinda, kisha pembeni mwa hedi, kisha kava ya taiming kwa mbele, alteneta, wota pampu, pampu ya dizeli, na mwisho sampu kwa chini. Mlio wa chuma husafiri, hivyo utausikia kila mahali. Unachotafuta ni pale unapokuwa mkali na wa karibu, si pale unaposikika tu.

Kwa mlio wa hewa bisibisi haisaidii. Chukua kipande cha mpira wa maji cha kama mita moja, mwisho mmoja sikioni, mwingine upitishe taratibu pembezoni mwa manifoldi, chini ya kila plagi au nozeli (inayopuliza dizeli ndani ya silinda), bila kugusa. Hewa inayovuja inapuliza moja kwa moja ndani ya mpira, na tofauti ni kubwa.

Ukihisi ni alteneta au wota pampu, zima, fungua mkanda wa feni, washa tena kwa muda usiozidi dakika moja. Mlio ukitoweka, umeokoa injini nzima. Usizidishe muda huo kwa sababu maji hayazunguki. Na kwenye dizeli za Hilux pampu ya vakyumu ya breki iko nyuma ya alteneta, hivyo bila mkanda breki inakuwa ngumu kabisa. Gari lisisogezwe.

Egzosti: mshukiwa wa kwanza katika nchi ya milima

Naipa sehemu hii nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kuwa tapeti kuliko kitu kingine chochote. Manifoldi ya egzosti ni chuma kirefu kilichofungwa kwenye hedi. Gari linapopanda kutoka bonde la Usangu likiwa na mzigo, chuma hicho kinapata moto mkali na kurefuka. Kikifika juu, kinakutana na mvua na ubaridi, kinasinyaa. Kwa kuwa kinatanuka kuelekea pande zote mbili, miisho ndiyo inayosogea zaidi, na ndiyo maana stadi (bolti zisizo na kichwa zinazoishika kwenye hedi) zinazokatika au kulegea mara nyingi ni za mwanzo na mwisho, pale silinda ya kwanza na ya mwisho. Ikikatika moja tu, moshi unapata upenyo na kila mlipuko wa silinda ile unatoa tik safi inayofanana kabisa na tapeti.

Fanya hivi. Injini ikiwa ya baridi, ondoa bati linalofunika manifoldi kama lipo. Tazama kwa tochi mstari ambapo manifoldi inakutana na hedi. Penye uvujaji pana doa jeusi la masizi, limetawanyika kama limepulizwa, na kwenye gari la petroli ukingo wake unaweza kuwa wa kijivu. Mara nyingine utaona shimo la stadi tupu, au nati imebaki na kipande cha stadi ndani yake.

Usipoona, changanya maji na sabuni, mimina au nyunyiza kwenye mstari ule, mwambie mwenzio awashe. Mapovu yatachemka penye ufa. Una dakika moja hivi kabla chuma hakijapata moto na kukausha sabuni, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari. Njia nyingine: mwenzio avae glavu nene, abane kitambaa kilicholowa kwenye mdomo wa bomba la moshi kwa sekunde mbili au tatu tu, huku wewe ukisikiliza kwenye manifoldi. Moshi ukikosa njia ya nyuma, utalazimika kutokea kwenye ufa, na tik inapanda sauti.

Usikaze nati za manifoldi injini ikiwa ya moto. Stadi iliyokaa miaka mingi kwenye joto inakatika kirahisi. Subiri ipoe, paka mafuta ya kulegezea kutu, acha usiku kucha. Stadi ikikatikia ndani, ipeleke kwa fundi wa kuchomelea au mashine shopu. Kuitoboa kwa drili ya mkononi ukiwa umeinama pembeni ya injini ni kukaribisha kuharibu hedi. Gasketi ikibadilishwa, uso wa manifoldi ukaguliwe kwa rula ya chuma. Ikiwa imepinda, gasketi mpya haitakaa muda mrefu.

Usiache uvujaji huu ukae kwa kuwa gari linatembea. Moshi wa injini, hasa ya petroli, una monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na inaua. Huku tunaendesha madirisha yamefungwa kwa baridi, mara nyingi na watoto katikati, na moshi unaovujia chini ya boneti unaingia ndani kupitia matundu ya hita na ya pedeli. Kichwa kikiuma kila safari, fungua dirisha na urekebishe egzosti wiki hiyohiyo.

Kuna ndugu yake mdogo: plagi iliyolegea, au nozeli ambayo washa yake ya shaba ya chini imeungua. Inatoa chi-chi-chi ya haraka, na kwenye dizeli inaacha lami nyeusi ngumu kuzunguka kitako cha nozeli. Ukiiona lami hiyo, umeshapata jibu.

Kata silinda moja moja

Kwenye petroli, chomoa waya wa plagi mmoja kwa koleo yenye mpini wa mpira na uuguse kwenye chuma cha bodi, sikiliza, rudisha, nenda silinda inayofuata. Kwenye dizeli yenye pampu ya zamani, funika nati ya bomba la nozeli kwa kitambaa, vaa miwani, legeza nati kama nusu mzunguko hadi silinda ile ife. Kamwe usisogeze kidole kwenye mchirizi wa dizeli. Presha yake inatoboa ngozi. Na usifanye hivi kabisa kwenye Hilux mpya zaidi za D-4D: presha ya mfumo wao inazidi mara elfu moja ya presha ya hewa ya kawaida.

Silinda ikikatwa na mlio ukapungua au kubadilika, chanzo kiko kwenye kitu kinachobeba nguvu ya mlipuko: konrodi, pistoni, nozeli, au egzosti ya silinda hiyo. Silinda zote zikikatwa kwa zamu na mlio haujali, basi ni kazi ya valvu.

Tapeti

Ukifika hapa kwa njia hii, ukafungue kava ya tapeti bila wasiwasi. Jua kwanza una injini gani. 22R na 4JA1 zina roka zenye skrubu na nati, zinarekebishwa kwa bisibisi na spana. 3L na 1HZ zina visahani vya chuma, shimu, vinavyobadilishwa kwa unene unaopishana kwa milimita 0.05, hapo unapima mwenyewe, lakini kubadilisha muachie fundi mwenye kifaa chake na maikromita.

Nafasi za valvu zinazotakiwa, yaani upenyo unaoachwa valvu ikiwa imefungwa: 22R injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 valvu za kuingiza na 0.30 za kutolea. 4JA1 ikiwa ya baridi, 0.40 zote. 3L ikiwa ya baridi, 0.20 hadi 0.30 za kuingiza na 0.40 hadi 0.50 za kutolea. Ukipima ya baridi ikiwa moto, au ya moto ikiwa baridi, kazi yote ni bure.

Zungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli, kuelekea inakozungukia injini, hadi alama ya puli ikae kwenye sifuri. Shika roka za silinda ya kwanza na uzitikise. Zikicheza zote mbili, na za silinda ya nne zimebana, uko kwenye topu ya silinda ya kwanza, yaani pistoni yake iko juu kabisa na valvu zake zimefungwa. Ikiwa ni kinyume, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili. Hapo rekebisha valvu za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutolea za silinda 1 na 3. Zungusha tena mzunguko mmoja kamili, kisha za kuingiza za 3 na 4, na za kutolea za 2 na 4. Mpango huu unafaa 22R na 4JA1 zote, kwa kuwa zinawaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2.

Legeza nati, ingiza jani la fila geji (kipimo cha majani membamba ya chuma), kaza skrubu taratibu hadi jani likwamekwame unapolivuta, kama noti unayoichomoa kwenye daftari lililofungwa. Shika skrubu isisogee, kaza nati, halafu pima tena, kwa sababu kukaza nati mara nyingi kunabadilisha nafasi. Jani linalofuata kwa unene lisipite. Likipita, rudia.

Kwenye injini iliyochakaa kuna mtego hapa. Geuza roka utazame ncha inayogusa valvu. Miaka ikishapita, panakuwa na kishimo ambacho ncha ya valvu imekichimba. Jani la fila geji ni pana na limenyooka, linakaa juu ya kingo za kishimo na kukuambia nafasi ni 0.30 wakati ukweli ni zaidi. Unamaliza kurekebisha, unafunga, na tapeti ileile inalia. Roka ya namna hiyo isawazishwe au ibadilishwe. Kwa 4JA1, viringisha pia kila pushirodi (fimbo inayosukuma roka) juu ya kioo bapa, iliyopinda itaruka.

Wateja husema, "Fundi, zinyamazishe kabisa." Mzee wangu, dada yangu, usiombe hivyo. Valvu iliyobanwa hailii, lakini haifungi vizuri, haipati nafasi ya kupoza joto lake kwenye kiti chake, na inaungua. Tapeti zenye vipimo sahihi kwenye injini ya zamani husikika kidogo, kwa mlio sawa kwa zote. Unachotibu ni ile moja inayozidi wenzake. Na tapeti iliyokuwa inalia kwa miaka kisha ikanyamaza yenyewe bila kuguswa, ipime haraka.

Upande wa mbele

Kwenye 22R, mkwaruzo wa mbele unapowasha, ukifuatwa na kimya, ni cheni ya taiming. Inaongozwa na reli za plastiki, na zikivunjika cheni inachapa kava na kuisaga hadi kufikia njia ya maji. Ukiacha, siku moja utakuta maji ndani ya oili. Angalia vipande vya plastiki kwenye sampu unapomwaga oili.

3L na 1HZ zinatumia belti. Belti iliyochanika ukingo inapiga kava tik-tik nyepesi, na tenshena iliyokwisha inavuma. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka gari linapofikisha kilomita 100,000 ili belti ibadilishwe. Kwenye gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu usiiamini, fungua kava utazame. Belti ikikatika, pistoni zinakutana na valvu.

Mlio wa mlimani tu

Petroli inayotoa kri-kri-kri unapokanyaga mafuta kwenye mlima na kunyamaza ukiachia haina tatizo la chuma bado. Mafuta yanawaka kabla ya wakati. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inavumilia taiming iliyowahishwa, na mafundi wa huku huiwahisha ili gari lipande vizuri. Gari hilohilo likishuka Kyela, karibu mita 500, au likienda Dar es Salaam, hewa inakuwa nzito na mlio unaanza. Chelewesha taiming kidogo kwa kugeuza distributa, pima kwa taa, na usiendelee kukanyaga huku inalia. Mlio huo unatoboa pistoni.

Ukiwa mzito, zima

Mlio unaotoka chini, wa ndani, dok-dok, unaozidi injini ikiwa ya moto, unaosikika zaidi unapoachia mafuta kutoka kama mizunguko 2,000, unaopungua silinda moja inapokatwa, na presha ya oili iko chini: hiyo ni beringi ya konrodi. Usiseme utafika Makambako taratibu. Vuta gari.

Mwaga oili kwenye beseni safi, iache itulie, pitisha sumaku. Kata filta kwa msumeno, futa kwanza vumbi la chuma lililotokana na msumeno, nyoosha karatasi yake juani. Vumbi linalonata kwenye sumaku limetoka kwenye kemshafti, tapeti, cheni au ringi. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha visivyonata ni beringi, na hapo injini isiwashwe tena hadi sampu ishuke na krenki ipimwe kwa maikromita. Ikiwa haijachubuka, inang'arishwa na kuwekewa beringi za saizi yake. Ikiwa imechubuka, inachongwa na kuwekewa beringi za saizi iliyopungua kwa milimita 0.25, au 0.50 ikiwa imelika zaidi. Mwambie fundi akuonyeshe beringi za zamani, uso wa ndani, kabla hajazitupa, na asafishe kabisa mifereji ya oili ya krenki na bloki kabla ya kufunga mpya, maana chembe zilizobaki humo ndizo zitakazozila.